Betri ya boda inayokufa kila Jumatatu: pima kabla hujanunua nyingine

*Swali: Fundi, habari za kazi. Naendesha boda hapa Bwera, wilaya ya Kasese. Pikipiki ni ya cc 150, ina selfu na kiki. Betri imeandikwa 12V 5Ah, ya kumwagiwa asidi. Tangu mwaka jana nabadilisha betri kila baada ya miezi michache. Siku za kazi selfu inashika vizuri kutwa nzima. Nikiipumzisha Jumamosi jioni, Jumatatu alfajiri nikibonyeza inalia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinazimika. Napiga kiki, inawaka, naenda steji. Nimefunga redio ya muziki na chaja ya simu kwa ajili ya abiria, na kampuni iliyonikopesha pikipiki ilifunga kifaa chake cha kufuatilia. Mafundi wawili wameniambia betri za siku hizi ni feki. Nimechoka kununua. Nifanye nini?*

Kaka, usinunue betri nyingine wiki hii. Umeeleza vizuri, na ndani ya maelezo yako kuna kitu ambacho mafundi wote wawili wamekipita: pikipiki yako inafanya kazi kutwa nzima, halafu inakufa ikiwa imelala.

Ingekuwa shida ni kwamba betri haichajiwi, mambo yangekwenda kinyume. Kila ukibonyeza selfu unachota umeme mwingi kwa sekunde chache, na kama injini hairudishi kitu, selfu ingekuwa na nguvu asubuhi, ikachoka saa sita mchana, na jioni ungekuwa unapiga kiki. Kwako ni usiku wa Jumamosi na siku ya Jumapili, ufunguo ukiwa mfukoni, ndipo umeme unapotea. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni kitu kinachonyonya betri wakati pikipiki imezimwa. Mshukiwa wa pili ni betri yenyewe, ambayo baada ya kukaushwa mara nyingi hivyo haiwezi tena kushika chaji. Wa pili mara nyingi huzaliwa na wa kwanza, ndiyo maana kila betri mpya unayoweka inafuata njia ya ile iliyotangulia.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Betri ya 5Ah maana yake, kwa makadirio, inaweza kutoa ampea moja kwa saa tano, au miliampea 50 kwa saa mia. Kutoka Jumamosi saa moja jioni hadi Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 36. Kitu kinachonyonya miliampea 80 tu, umeme usiotosha hata kuwasha taa ya indiketa, kitakuwa kimekula karibu 2.9Ah kwa muda huo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya betri yako nzima, na selfu haihitaji betri ikauke kabisa ndipo ishindwe. Ikishuka chini ya nusu, hasa betri ikiwa imeshachoka, ndiyo hiyo tik-tik-tik yako: kile kirilei cha selfu, yaani swichi ndogo inayofungwa kwa umeme, kinavuta, umeme unaporomoka, kinaachia, kinavuta tena.

Sasa vipimo. Unahitaji testa, ile mita ndogo ya umeme yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ya bei rahisi inatosha kabisa, na ni nafuu kuliko betri utakayotupa bila sababu. Kama steji yenu ina watu kumi, changeni mnunue moja. Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu fundi anayebadilisha betri bila kupima anakutoza pesa kwa kubahatisha, na wewe ndiye unayelipia kila anapokosea.

Anza na betri ikiwa imetulia. Zima pikipiki, iache saa kadhaa au usiku mzima, kisha weka testa kwenye volti za DC, kipimo cha 20, nyekundu kwenye kichwa chanya na nyeusi kwenye kichwa hasi. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kidogo sana, na chini ya hapo ni tupu. Usipime mara tu baada ya kuzima injini. Utaona 13 na kitu, ufurahi bure, kwa sababu ile ni chaji ya juujuu ambayo hupotea baada ya muda mfupi. Na ukiona 10.5 hivi hata baada ya betri kuchajiwa vizuri, jua chumba kimoja kimekufa. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa karibu volti 2.1, kikifa kimoja hakuna chaji itakayokifufua.

Kipimo cha pili ni cha kuchaji. Sidhani kuwa ndilo tatizo lako, ila kinachukua dakika mbili na kinafunga mjadala. Washa injini, testa ikiwa palepale kwenye vichwa vya betri. Ikinguruma bila resi utaona kama 13 hivi, au pungufu kidogo taa ikiwa imewaka. Piga resi kama uko gia ya tatu barabarani: inapaswa kupanda na kutulia kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki kwenye 12 na kitu haijalishi unapiga resi kiasi gani, betri hailishwi. Ikipita 15, reguleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za chaji, imeharibika na inaichemsha betri. Utaona maji yanaisha haraka na balbu zinaungua ovyo. Usijaribu kamwe kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama inachaji". Umeme usio na betri ya kuutuliza unaruka juu na unaweza kuua reguleta, balbu, hata kile kifaa cha kampuni.

Kama hailishwi, tafuta kati ya koili za magneto, ile sehemu ya injini inayozalisha umeme, na reguleta. Chomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye magneto, mara nyingi ni za njano, weka testa kwenye volti za AC, washa, na pima waya kwa waya. Volti zipande kadiri unavyopiga resi, na kwa pikipiki yenye nyaya tatu za njano, kila jozi itoe namba inayolingana na nyenzake. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Zote zikiwa sawa lakini betri haipati kitu, reguleta au nyaya zake ndizo mbovu. Hayo yanatosha kwako.

Turudi kwenye kinachokuhusu zaidi. Kipimo cha umeme unaonyonywa ndicho watu wengi hawakijui, na ndicho kitakachokupa jibu lako. Fanya hivi kwa utulivu, mchana, pikipiki ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa kabisa. Kabla hujagusa waya wowote, pigia kampuni ya mkopo simu uwaambie kuwa unapima betri. Vifaa vingi vya kufuatilia hutuma taarifa umeme unapokatwa, na hakuna haja ya mtu kudhani unakimbia deni.

Fungua waya wa kichwa hasi tu. Hamisha waya mwekundu wa testa kwenye tundu la 10A na uzungushe kitufe kwenye 10A. Gusisha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye ule waya uliouchomoa. Sasa umeme wote unaotoka kwenye betri lazima upitie kwenye testa. Usiwashe ufunguo na wala usiguse selfu hali ikiwa hivyo: selfu inavuta makumi ya ampea, na kwenye testa nyingi za bei rahisi tundu la 10A halina fyuzi ndani, kwa hiyo itaungua mkononi mwako. Kama inasoma sifuri au karibu na sifuri, hamishia kwenye tundu la miliampea na kipimo cha 200m ili uone vizuri. Subiri dakika kadhaa kabla ya kuamini namba. Kifaa cha kufuatilia kina betri yake ndogo ndani, na umeme ukirudi huchota zaidi kwa muda kabla hakijalala.

Pikipiki ya kawaida isiyo na alamu wala kompyuta, ikizimwa, haipaswi kunyonya zaidi ya miliampea moja. Ikiwa na kifaa cha kufuatilia, miliampea chache kikiwa kimelala ni jambo la kuvumilika. Ukiona 30, 80 au 200, umeshampata mwizi. Kilichobaki ni kujua anakaa wapi. Acha testa ikiwa imeunganishwa hivyo hivyo, kisha chomoa kimoja kimoja ukitazama namba: kwanza redio, halafu chaja ya simu, halafu fyuzi kuu ya pikipiki. Namba itakaposhuka ghafla, kile ulichochomoa sasa hivi ndicho.

Nikiulizwa nibashiri, ningesema redio. Hizi redio za pikipiki zenye spika mbili na rimoti, nyingi hufungwa na mtu wa barabarani ambaye anapitisha waya moja kwa moja hadi kichwa chanya cha betri, kwa sababu ndiyo njia fupi. Ukiizima kwa rimoti, sauti inakata, lakini ndani bado iko macho ikisubiri rimoti nyingine, usiku kucha. Chaja ya simu nayo ikifungwa vivyo hivyo hunywa kidogo hata kama hakuna simu iliyochomekwa. Ile taa yake ya buluu inayowaka gizani ndiyo ushahidi. Lala na pikipiki ndani kama wengi wetu tunavyofanya kwa kuogopa wezi, zima taa ya chumba, tazama. Chochote kinachong'aa kwenye pikipiki wakati ufunguo uko chini ya mto wako kinakula betri.

Tiba ni rahisi na haihitaji kuitupa redio. Vyote viwili vichukue umeme kwenye waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa tu, kwa mfano waya unaolisha honi au taa ya breki. Kama redio yako ina nguvu kubwa, usiubebeshe waya mwembamba wa honi mzigo huo. Weka rilei, ile ya taa za gari inatosha, waya wa honi uamshe rilei tu, na umeme wa redio upite kwenye rilei kutoka betri kupitia fyuzi yake. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote. Nimeona pikipiki iliyoungua kiti kizima kwa waya wa redio usio na fyuzi uliobanwa na bawaba ya kiti.

Kama mwizi ni kifaa cha kampuni, usikikate. Wapelekee namba uliyoisoma, waambie kinanyonya kiasi gani kikiwa kimelala, uwaombe wakibadilishe au wakifunge upya. Una haki ya kulalamika ukiwa na namba mkononi, na ni vigumu kwao kukukatalia wakati testa iko mbele yao.

Na kama umechomoa redio, chaja, hata kifaa kwa ruhusa yao, na bado testa inaonyesha kitu? Chomoa soketi ya reguleta. Ndani yake kuna dayodi zinazopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu. Moja ikichoka, umeme wa betri unarudi nyuma kuelekea kwenye koili usiku kucha, hata kama mchana inachaji vizuri. Hii inawapotosha mafundi wengi kwa sababu kipimo cha kuchaji kinaonyesha kuwa reguleta ni nzima. Ikiwa si hiyo, tazama swichi ya ufunguo. Maji ya mvua, au yale ya pampu ya mahali pa kuoshea pikipiki, huingia ndani yake, shaba inashika kutu ya kijani, na umeme unapita kidogo kidogo hata ukiwa umezima. Mwisho ni nyaya zenyewe, hasa pale zinapopita nyuma ya taa kubwa kwenye shingo ya usukani. Kila ukikata kona zinasuguana na chuma. Fungua taa, geuza usukani kushoto na kulia ukiangalia kwa tochi. Utakuta plastiki imelika mahali padogo kama punje ya mchele na shaba inang'aa ndani yake. Mahali hapo tu panatosha kuua betri kila wiki, na pakinyesha ndiyo panazidi.

Kwa asiye na testa kabisa, kuna njia ya balbu. Chukua balbu ndogo ya volti 12 ya wati 5, iunganishe kati ya kichwa hasi na waya wake badala ya testa. Ikiwaka, hata kwa uhafifu, kuna kitu kikubwa kinanyonya. Isipowaka usijipe moyo sana, kwa sababu makumi machache ya miliampea hayawezi kuiwasha, na kwako makumi hayo machache ndiyo yanayotosha kukuharibia Jumatatu.

Ukiwa hapo chini ya kiti, safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani ni ukinzani: unazuia chaji isiingie na nguvu isitoke. Oshea kwa maji ya moto na magadi soda, vifuniko vya vyumba vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani, kausha, kaza, paka grisi. Ukifungua anza na hasi, ukirudisha malizia na hasi, ili spana ikigusa fremu isipige cheche. Fuata waya hasi hadi unapofungwa kwenye fremu au injini. Kama kuna rangi au kutu chini ya boliti, kwangua mpaka chuma king'ae. Hakikisha pia betri imebanwa na mpira wake. Ukipanda njia za Kyarumba betri ikiwa inarukaruka, bamba za risasi ndani zinapukutika na unga wake unakwenda chini ya chumba hadi bamba zinagusana. Betri ya namna hiyo si feki, imepigwa tu.

Kuhusu hilo neno feki. Betri mbovu zipo, sikatai, na zinauzwa Kampala kama zinavyouzwa mpakani Mpondwe. Lakini betri nyingi za kumwagiwa asidi ninazoletewa kuwa ni feki zimeuawa siku ya kwanza. Umenunua, muuzaji akafungua kichupa cha asidi, akamimina, akafunga kwenye pikipiki, ukaondoka. Betri iliyomwagiwa asidi hivi punde haijajaa. Inabidi ikae nusu saa hivi bamba zinyonye, kisha ichajiwe polepole kabla haijafanya kazi yoyote. Ukiifunga ikiwa na upungufu ule, na wikiendi ya kwanza redio ikaikausha, salfeti inaganda kwenye bamba kuwa ngumu, na hapo umepoteza sehemu ya betri ambayo hairudi tena. Ikikauka mara nne au tano hivyo, imekwisha.

Kosa la pili liko kwa wachajishaji. Wengi wana chaja ya gari au ya betri za sola, wanapanga betri za boda humohumo na kuzipiga ampea tano au kumi ili zijae kwa saa moja. Betri ya 5Ah inataka ampea 0.5, yaani sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Ukisikia inachemka na ukuta wake umekuwa moto mkononi, inaharibiwa. Mwulize mchajishaji chaja yake inatoa ampea ngapi kabla hujamwachia. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine. Na ukichajia nyumbani, weka nje au mahali penye hewa, mbali na sigiri na sigara, vifuniko vya vyumba vikiwa vimelegezwa, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka.

Maji nayo: yakipungua chini ya mstari wa chini, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa, usipitishe mstari wa juu. Usiongeze asidi tena baada ya ile ya mwanzo, kwa sababu kinachopotea ni maji tu. Na usitie maji ya kisima wala ya bomba, chumvi zake zinaua bamba.

Basi, mpango wako wa wiki hii. Jumamosi jioni mpelekee mchajishaji anayekubali ampea 0.5 betri uliyo nayo, ikae huko usiku, Jumapili asubuhi ichukue. Iweke pembeni bila kuunganishwa na chochote mpaka Jumatatu, kisha ipime. Ikisoma 12.6 au zaidi, haijafa, ifunge. Ikiwa imeshuka yenyewe hadi chini ya 12.4, haishiki chaji tena. Itabidi ununue nyingine, lakini isiingie kwenye pikipiki mpaka umemwondoa anayenyonya. Ukishaifunga, nzima au mpya, mtu akutazamie testa wakati unabonyeza selfu: isishuke chini ya volti 10 au karibu na hapo. Ikianguka hadi 7 au 8, betri haina nguvu hata kama ikitulia inaonyesha namba nzuri.

Siku hiyohiyo ya Jumapili, wakati betri inapumzika, azima betri ya mwenzako wa steji ufanye kile kipimo cha miliampea. Niandikie namba nne: volti ya betri ikitulia, volti ukipiga resi, volti ukibonyeza selfu, na miliampea ufunguo ukiwa umetolewa. Unitajie pia ni kitu gani ulikuwa umekichomoa namba ya mwisho iliposhuka.